Pibi

Kliniki ya Majengo, Jumatatu, saa mbili na ushei,
nesi akaita, "Pibi!"
nikanyanyuka mimi, miaka hamsini na sita,
mjukuu begani.
Akanyanyuka pia binti wa kitenge cha njano,
mwanawe mgongoni, na mwanawe ndiye aliyeitwa.
Benchi zima likacheka. Nikakaa.

Utotoni sikuwahi kugeuka bure.
Sokoni Kiboriloni, kanisani Uru, mtoni,
ukisikia Pibi ni mimi,
tena nina kosa.
Mwalimu hakuhitaji jina la baba.

Siku hizi tupo wengi. Mmoja ana saluni Pasua,
herufi nyekundu mlangoni: PIBI SUKA NA OSHA.
Wawili wamekaa dawati moja, Pibi Mrefu na Pibi wa Shirima.
Mmoja nasikia yuko hadi Arusha, anauza vipuri vya pikipiki.
Na kila mmoja ana asili yake mfukoni:
ni Kiebrania, maana yake neema;
ni Kichaga cha kale, kilichosahauliwa na wenyewe;
ni la Mhindi fulani wa vitambaa, alimwita hivyo mkewe.
Mimi nakunywa chai.

Bibi yangu Eufrasia alichambua kahawa
kiwandani, kando ya reli, miaka kumi na tisa.
Meza ndefu, wanawake ishirini na wanne, vilemba vya vumbi,
vidole vinajua kabla ya macho:
nyeusi tupa, iliyotobolewa tupa, iliyovunjika tupa.
Tunda la mbuni kwa kawaida hubeba pacha,
mbegu mbili zimelaliana tumbo kwa tumbo,
ndiyo maana kila moja ina ubapa upande mmoja,
ubapa wa kumwegemea mwenziwe.
Mara chache moja hunyauka ingali changa,
na iliyobaki hujaza nyumba nzima peke yake,
hutoka mviringo kama jicho la ndege.
Hiyo haitupwi. Ina gunia lake, ina bei yake,
na gunia limepigwa chapa: PB.

Usiku niliozaliwa tulikuwa wawili.
Kufikia jogoo la pili nilikuwa mmoja.
Mama akageukia ukuta.
Bibi akanipokea, akanizungusha kiganjani
kama wafanyavyo wenye kazi yao,
akatafuta upande bapa, asiuone.
"Huyu ni pibi," akasema,
na mkunga Melania, aliyekuwa akikamua kitambaa,
akalirudia mara mbili, polepole, kama anayeonja.
Naye alizalisha nusu ya Uru.

Padre alikataa. Hakuna Mtakatifu Pibi.
Bibi hakubishana; meza ile humfunza mtu subira.
Akakaa na katekista Kalisti, wakapekua kalenda,
Jumapili ya pili akarudi nami:
"Basi mwandike Pia Bibiana."
Padre akafurahi, watakatifu wawili kwa maji ya mmoja.
Tangu hapo hata kitabu cha parokia kinawapotosha watu,
wanadhani Pibi ni mkato.
Pia Bibiana ni Pibi aliyevalishwa koti la kanisani.

Mwenzangu hakuandikwa popote.
Mtu akiniita, namsikia na yeye akiitwa.

Nikamsogelea binti wa kitenge.
"Jina hili mmelitoa wapi?"
"Nililipenda tu, mama. Fupi. Tamu mdomoni."
Nilikuwa na gunia zima la kumwambia.
Nikashika kamba ya gunia.
Akamfungua mtoto apimwe uzito,
na shavu lililokuwa limelala mgongoni
limebapa, limelowa jasho,
lina alama ya mshono wa blauzi ya mama yake.
Nikaligusa. Likaanza kurudi taratibu.

"Linamfaa," nikasema,
nikarudi kwenye foleni na mjukuu wangu,
ambaye jina lake ni Doreni,
kama nusu ya Moshi.